Sentimita za Heshima

Mpaka wa shamba ukibishaniwa na hati haipo, linalosimama ni neno la yule ambaye vijana huzama zaidi mbele yake. Kila mtu katika mitaa ya juu ya Githongo anaijua sheria hiyo, na haijaandikwa popote kwa sababu haijapata kusahauliwa. Kijana ambaye hajatimiza miaka thelathini, akisimama juu ya udongo mbele ya mtu anayemheshimu kwa moyo, nyayo zake huingia ardhini kwa kadiri ya heshima hiyo. Akishapita miaka thelathini, au akishapata mtoto wa tatu, huwa na mambo mengine ya kumlemea na hazami tena. Wazee wa zamani walipima kina kwa vidole. Vidole vinne vilitosha kumaliza shauri.

Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, saa tisa alasiri, Kathure alikuwa ameketi juu ya gunia katika uwanja wa kiwanda cha kahawa, akitenga matunda mabichi na yale mekundu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane. Binti yake Kendi, mwenye miaka ishirini na minne na cheti cha ualimu ambacho kilikuwa hakijampatia kazi, alichambua kando yake. Kahawa hiyo yote ilitoka katika miti mia moja na arobaini iliyo ukingoni mwa mto, na wote wawili walijua kwamba huenda hayo yakawa mavuno yao ya mwisho kutoka pale. Shauri la mpaka lilikuwa lisikilizwe Jumamosi.

Aliyeudai ukingo huo ni Mwalimu Gikunda, kaka wa marehemu mume wa Kathure, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kahawa. Alikuwa ameing'oa mimea ya mpaka na kuipanda upya hatua thelathini ndani ya shamba la Kathure. Alifanya hivyo asubuhi ya Jumapili, Kathure akiwa kwayani, naye mwenyewe akaiwahi ibada ya pili. Ndani ya hatua hizo thelathini mlikuwa na miti yote mizuri, na kaburi la mume wa Kathure. Hati haikuwapo. Baba yao aliwagawia wanawe ardhi kwa kuitembea, kama walivyofanya watu wa rika lake, na aliyekuwapo siku hiyo na bado yu hai alikuwa Mwalimu peke yake.

Bi. Onodera aliingia uwanjani akiwa amevaa viatu vya mpira na kubeba rula ya chuma. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha Japani, na kazi yake ilikuwa kupima heshima na kicho katika vijana. Kiswahili alijifunza Morogoro, nacho kilikuwa safi kiasi kwamba watu wa Githongo walimjibu kwa uangalifu, kama wanavyomjibu mkaguzi wa shule. Nchini kwake alikuwa amepima vijana mia sita kwa karatasi yenye maswali ishirini, na sasa alitaka kulinganisha. Alikuwa ameanzia Gachoka, ambako mchanga hurudi mahali pake mara mguu unapotolewa, hivyo vipimo havikuweza kuthibitishwa na mtu wa pili. Akashauriwa apande huku juu, kwenye udongo mwekundu.

"Kwenu hawazami?" Kathure alimwuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kahawa.

"Pengine huzama, mama. Lakini sakafu zetu ni ngumu, na vijana wengi huishi ghorofani. Ndiyo maana sisi huuliza maswali."

"Ghorofani. Basi mtu akizama huko, si atamwangukia jirani wa chini?"

Bi. Onodera alilifikiria jambo hilo. "Hatujapata kuletewa taarifa ya namna hiyo," alisema.

Alihitaji mtu wa kuandika, mwenye mwandiko unaosomeka, na meneja wa kiwanda akamwonyesha Kendi.

Kazi ilianza siku iliyofuata. Palilimwa kipande cha ardhi cha mita mbili kando ya mizani ya kahawa, udongo ukachekechwa, mawe yakatupwa. Walialikwa watu wazima kumi wanaojulikana na wote, na vijana kumi na saba wa kati ya miaka ishirini na ishirini na tisa. Kila kijana alijaza kwanza karatasi kuhusu kila mtu mzima, kwa alama kuanzia moja hadi tano. *Nikiwa mbele ya mtu huyu, sauti yangu hupungua. Ningependa kuishi kama mtu huyu alivyoishi. Ningeona aibu mtu huyu akijua nifanyayo akiwa hayupo.* Baadaye alisimama mbele ya kila mmoja kwa dakika mbili, Bi. Onodera akasoma rula, Kendi akaandika.

Mwalimu Gikunda alikuja na suti ya kijivu, akaletewa kiti kutoka ofisi ya chama. Wa kwanza kusimama mbele yake alikuwa Mutegi, mwendesha pikipiki wa miaka ishirini na sita, kijana mwenye mdomo. Karatasi yake ilimpa Mwalimu alama tano katika maswali yote ishirini. Bi. Onodera alipiga magoti, akaangalia, akawasha tochi ya simu, akaangalia tena. Udongo ulikuwa umechekechwa kama unga, lakini chini ya viatu vya Mutegi haukuwa na hata alama ya soli.

"Bwana Mutegi, tafadhali simama sawasawa."

"Nimesimama, madam."

"Viatu havijagusa chini."

"Vimegusa. Ni vile tu..." Mutegi alimtazama Mwalimu, kisha akatazama mlima. "Ni vile tu hapa tunasimamanga na adabu."

Jambo hilo halikuwa geni. Hofu haimzamishi mtu. Humfanya awe mwepesi. Watoto waliosoma chini ya Mwalimu Gikunda waliweza kupita mbele ya ofisi yake wakati wa mvua bila kuchafua viatu. Vijana wote kumi na saba walisimama, na wote kumi na saba waliuacha udongo kama walivyoukuta. Bi. Onodera alimwuliza Kendi kwa sauti ndogo kama kuna desturi ya kuandika kipimo kilicho chini ya sifuri.

"Andika sifuri, madam," Mutegi alimsaidia kutoka nyuma. "Hapa hatuandiki chini ya sifuri juu ya Mwalimu."

Kathure hakutaka kuitwa. Alisema ana gunia zima la kuchambua na mizani hufungwa saa kumi na moja. Meneja alimwahidi kwamba kahawa yake itangojwa, ndipo akasimama, akapangusa mikono kwenye leso, akaja akasimama pembeni mwa kile kipande cha udongo kama mtu anayengoja kuulizwa njia. Mutegi alipokanyaga mbele yake, udongo ulimpokea hadi kwenye kifundo cha mguu.

"Haki, mama! Viatu nilinunua Jumamosi."

"Ulikuwa mzito tangu darasa la pili," Kathure alimjibu. "Na ulikuwa ukinishika masikio."

"Si nilikuwa naogopa maji!"

"Unaogopa maji, unashika masikio ya mtu? Masikio ndiyo yanaogelea?"

Vijana walicheka, na waliocheka walikuwa wamezama vilevile, kwa sababu walikuwa wamesogea karibu.

Inafaa kueleza. Miaka kumi na minane iliyopita mvua ilichukua daraja la miguu chini ya shule, na kwa misimu mitano mfululizo Kathure alishuka mtoni kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, akawavusha watoto wa ng'ambo mgongoni, mmoja mmoja, na saa tisa na nusu akawarudisha. Hakuna aliyemtuma. Mwalimu Gikunda, aliyekuwa mwalimu mkuu, alikaa ukingo wa pili na daftari, akiandika majina ya waliochelewa. Mbao za daraja jipya zililetwa, zikahifadhiwa, na hatimaye zikaonekana nyumbani kwa Mwalimu zikiwa dari. Ni dari nzuri. Wale watoto sasa ndio vijana wa Githongo.

Kendi aliandika: sentimita kumi na moja. Aliandika tena, na tena, mara kumi na saba, na ndogo kuliko zote ilikuwa tisa na nusu. Mwandiko wake ulibaki vilevile. Katika karatasi za maswali, hata hivyo, wengi walikuwa wameacha nafasi ya mama yake wazi. Bi. Onodera aliwauliza sababu, nao wakasema kwamba hawakuwa wamemfikiria kuwa mtu wa kuulizwa maswali juu yake.

Jioni hiyo Kendi aliomba nakala ya matokeo. Bi. Onodera alimpa ukurasa mmoja wenye wastani wa kila mtu mzima, bila jina la kijana yeyote, na Ijumaa Kendi akaupeleka Makutano ukatolewe nakala tano, moja kwa kila mzee wa shauri. Aliziweka ndani ya Biblia ya mama yake ili zisikunjike.

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Mukiri, mtu wa miaka themanini na moja, asiyevuta tumbaku wala kupaza sauti. Aliusoma ukurasa mara mbili na miwani, mara moja bila miwani, akausifu kwa uchapaji wake.

"Rula ilishikwa na nani?" aliuliza.

"Na madam mwenyewe, mzee," Kendi alisema. "Mimi niliandika tu."

"Na wewe ni binti wa nani?"

Mzee Mukiri alilijua jibu, kwa kuwa ndiye aliyemshika Kendi siku ya ubatizo.

"Aliyeandika ndiye aliyepima," alisema Mzee Mukiri. "Mtoto hawezi kumpimia mzazi wake. Kipimo kitarudiwa mbele yetu. Na kwa desturi, mkubwa hatembezwi. Kitarudiwa nyumbani kwa mkubwa kati ya hawa wawili."

Mkubwa kati ya hao wawili alikuwa Mwalimu Gikunda, na boma la Mwalimu Gikunda lilikuwa limepigwa saruji kuanzia lango hadi choo. Alilipiga mwaka uleule aliostaafu. Alisema ni kwa ajili ya kuanika mahindi.

"Sasa hapo," Mutegi alisema, na alisema ili asikiwe, "hata akuje nabii, nani atazama?"

"Kijana," alisema Mzee Mukiri, "nabii hajaitwa katika shauri hili."

Walikwenda kwa miguu, wazee mbele, vijana nyuma, Kathure katikati na mkoba wake wa kanisani. Wazee watano waliwekewa viti barazani. Mke wa Mwalimu aliondoa beseni la maharage uani na kufunga kuku. Vijana kumi na saba walijipanga mbele ya Mwalimu, ambaye alisimama na mikono nyuma kama alivyosimama kwenye gwaride kwa miaka ishirini na sita. Saruji haikubadilika. Mzee Mukiri aliandika sifuri.

Kisha aliitwa Kathure. Alisimama pale aliposimama shemeji yake, akawatazama wale vijana mmoja mmoja, kama anayehesabu kama wote wamevuka. Ilisikika sauti ndogo, kama ya maganda ya njugu yanapokanyagwa. Saruji ilifanya nyufa kuzunguka viatu vya Mutegi, ikaachia, naye akaingia. Wengine waliingia pamoja naye. Dakika mbili zilipotimia, vijana kumi na saba walikuwa wamesimama katika mashimo thelathini na manne, wengine hadi kifundo, wawili hadi katikati ya muundi. Bi. Onodera, aliyekuwa mgeni tu siku hiyo, aliomba ruhusa ya kupima, akapata wastani wa sentimita kumi na mbili. Alimwuliza Mwalimu unene wa saruji ili arekebishe hesabu. Mwalimu alisema ni inchi tatu, na kwamba alitumia kokoto nzuri.

Kendi alimtazama mama yake. Kathure alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. Kwa muda huo, na huo tu, wote wawili waliamini kwamba miti imerudi.

Wazee walijitenga kwa dakika arobaini. Walipelekewa chai na nduma. Waliporudi, Mzee Mukiri alizungumza akiwa amesimama, akiiegemea bakora yake.

"Sheria tuliyoachiwa inasema udongo," alisema. "Saruji si udongo. Saruji ni jasho la mtu. Kwa hiyo leo kipimo hakikufanyika, na kipimo kisipofanyika, linasimama neno la mkubwa. Mpaka utakaa ulipo sasa."

"Mzee," Mutegi alisema, "miguu yangu bado iko ndani ya simiti, na unasema sijapimwa?"

"Toa miguu kwanza, ndipo uzungumze na wazee."

Mutegi alijaribu. Mguu wa kushoto ulitoka bila kiatu.

"Jambo la pili," aliendelea Mzee Mukiri. "Sakafu ya mtu imeharibiwa, na imeharibiwa kwa ajili ya Kathure. Atalipa kondoo dume mmoja, asiye na kasoro. Saruji na mchanga wa kuziba mashimo atavitoa yeye, na kazi itafanywa na binti yake, kwa kuwa ndiye aliyeleta mambo ya kupima."

Kathure aliomba neno moja. "Na kaburi?"

Mwalimu Gikunda alijibu kwa upole. "Hakuna anayemkataza mtu kaburi, mama Kendi. Jumapili baada ya ibada, mtabisha hodi."

"Nimesikia," alisema Kathure.

Kendi alimfuata Bi. Onodera hadi langoni, akamwomba jambo moja: aandike katika kitabu chake kilichotokea pale, ili kiwe kimeandikwa mahali. Bi. Onodera aliinama kidogo, kama walivyozoea kwao, akabaki ameinama kwa muda. Alieleza kwamba utaratibu ulioidhinishwa na chuo chake uliruhusu udongo uliochekechwa pekee. Vipimo vya sakafu ngumu vingelazimika kuachwa nje. Angeweka tanbihi. Kendi alimshukuru kwa tanbihi.

Jumatatu asubuhi Kendi alimpeleka kondoo. Alikuwa dume mweupe waliyemlea tangu akiwa na siku mbili, baada ya kondoo aliyemzaa kufa, naye alimfuata Kendi njiani bila kamba. Mutegi alileta saruji kwa pikipiki, mfuko mmoja kila safari, akakataa kupokea chochote, akauliza tu kama kiatu chake kimeonekana. Kilikuwa kimeonekana. Kendi alikitoa kwa patasi, akakusanya vipande vilivyovunjika, akalowesha mashimo, akachanganya, akamimina. Alifanya kazi akiwa amepiga magoti tangu saa mbili hadi saa nane. Alichofundishwa chuoni ni kwamba kazi mbaya haimwumizi aliyekuagiza bali jina lako, naye aliisawazisha kazi ile kwa mwiko hata ukingo wa shimo na sakafu ya zamani ukawa hauonekani ila kwa rangi. Shimo la thelathini na nne lilipojaa, Mzee Mukiri alifika kushuhudia, na Mwalimu Gikunda akatoka ndani akitafuna kijiti cha meno.

Kwa desturi, mwenye kulipa faini husimama mbele ya aliyekosewa mpaka neno litamkwe. Kendi aliinuka. Mahali palipobaki pa kusimama mbele ya Mwalimu palikuwa ni juu ya mashimo ambayo alikuwa ametoka kuyaziba muda huohuo. Alivua kandambili zake kwa heshima, akaweka mikono nyuma, akasimama hapo kwa miguu mitupu.

Mwalimu alianza na viraka vya mbali, akavitazama kimoja kimoja hadi akafika kwenye miguu ya mtoto wa ndugu yake. Saruji ilimeta kwa maji. Pembezoni mwa vidole vya Kendi haikuwa imebonyea hata kwa upana wa uzi.

"Saruji ya siku hizi hukauka upesi," alisema Mwalimu.

"Hukauka," alisema Mzee Mukiri. Alishusha bakora yake hatua moja kutoka kwenye kisigino cha Kendi, ikaingia kwenye kiraka kwa uzito wake mwenyewe, urefu wa kidole. Aliichomoa, akaifuta kwa leso, akasubiri Kendi alizibe lile tundu kwa mwiko na kurudi kusimama, kisha akatamka kwamba faini imelipwa.